Mti ule ule, kila mwezi: historia ya watu waliorudi kuangalia

Ukikaa Dar es Salaam miaka kadhaa utajua kwamba mkrismasi hujaa maua mekundu kuelekea Desemba. Ndiyo maana tukauita hivyo. Sasa nikuulize: ule wa mtaani kwenu mwaka jana ulianza kuchanua tarehe ngapi? Mwaka juzi je? Na mwaka 1995? Hapo wengi wetu tunanyamaza. Msimu tunaujua vizuri tu, tarehe hatuna.

Leo nataka kusimulia habari za watu waliokuwa na tarehe. Kazi yao inaitwa fenolojia, yaani kufuatilia ni lini viumbe hufanya mambo yao ya msimu: mti kuchanua, tunda kuiva, ndege kuhamia, chura kuanza kulia. Vifaa vyake ni vya bei nafuu kuliko vya fani yoyote ninayoijua. Unahitaji daftari, kalamu na miguu. Kitu kimoja tu ndicho ghali, nacho ni kurudi mahali pale pale, tena na tena, hata siku ambayo huna hamu.

Mwaka 1736 mwenye mashamba mmoja wa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, aitwaye Robert Marsham, alianza kuandika tarehe za vitu vidogo vidogo nyumbani kwake kijijini Stratton Strawless. Mbayuwayu wa kwanza kaonekana lini. Vyura wameanza kulia lini. Mwaloni umetoa majani lini. Alifuatilia dalili 27 za kuanza kwa majira ya kuchipua, na mwaka 1789 kumbukumbu zake zikachapishwa na Royal Society ya London. Marsham alifariki mwaka 1797. Kwa kawaida habari ya namna hii huishia hapo: mzee anakufa, daftari linafungiwa vitunguu sokoni. Familia yake haikukubali. Watoto, wajukuu na vitukuu waliendelea kuandika mpaka mwaka 1958. Hiyo ni zaidi ya miaka 200 ya ukoo mmoja kuchungulia bustani ile ile. Nikiri kwamba mimi daftari la kidato cha nne sijui liko wapi.

Karne moja baada ya Marsham kuanza, ng'ambo ya Atlantiki, alikuwepo Henry David Thoreau wa mji mdogo wa Concord, Massachusetts, Marekani. Wengi wanamjua kwa kitabu chake Walden cha mwaka 1854. Wachache wanajua kwamba kati ya mwaka 1852 na 1858 alizunguka vichaka na madimbwi ya Concord akiandika ni lini kila mmea unatoa ua la kwanza, na kwamba mimea aliyoifuatilia ilizidi aina 500. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1862 akiwa na miaka 44, na majedwali yake hayakuwa yamechapishwa. Baadaye mwenye duka wa hapo hapo Concord, Alfred Hosmer, akafanya kazi ile ile mwaka 1878, halafu tena kuanzia 1888 hadi 1902.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akifikiria mabadiliko ya tabianchi. Lakini mwanzoni mwa karne hii Richard Primack wa Chuo Kikuu cha Boston, pamoja na mwanafunzi wake Abraham Miller-Rushing, walikuwa wakitafuta kumbukumbu za zamani za mimea wakafikia majedwali ya Thoreau. Wakafanya kitu rahisi na kigumu kwa wakati mmoja: kati ya 2004 na 2006 walirudi Concord kuangalia upya. Kwa aina 43 za mimea ya kawaida, maua yalikuwa yanatangulia kwa wastani wa siku saba kuliko enzi za Thoreau. Aina nyingine hawakuziona kabisa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya aina alizoziandika Thoreau zimetoweka Concord, na zilizopungua sana ni hasa zile ambazo hazibadilishi tarehe zao joto linapobadilika. Daftari la mtu aliyekufa likawa kipimajoto.

Najua msomaji wangu anataka kusema nini hapa. Hayo ni ya Wazungu wenye theluji. Kwao baridi ikiisha kila kitu kinachipuka, msimu unajitangaza wenyewe. Huku kwetu karibu na ikweta msitu ni kijani mwaka mzima, uangalie nini?

Kwanza, watu wetu walikuwa wakiangalia tangu zamani. Pwani walihesabu mwaka wa jua kwa makumi kuanzia Siku ya Mwaka, ile ambayo Makunduchi, Zanzibar, bado wanaiadhimisha kwa Mwaka Kogwa kila Julai. Mkulima na nahodha walijua kumi la ngapi ni la kufanya nini, lini kaskazi inaanza, lini kusi. Maarifa hayo yalikaa kichwani na kinywani, na yaliwatosha kwa kazi yao. Ila huwezi kuyatumia kujua kama mwembe fulani mwaka 1950 uliwahi au ulichelewa kuliko leo.

Pili, msitu wa ikweta una majira yake, tena yana siri. Na aliyesaidia kuyafichua alipitia Kigoma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanafunzi wa uzamivu kutoka Uingereza, Caroline Tutin, alikuwa Gombe akiwachunguza sokwe, mahali ambapo Jane Goodall alianza utafiti wake mwaka 1960. Baadaye akaenda Gabon. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na mwenzake Michel Fernandez waliizunguka nchi hiyo kuhesabu gorila na sokwe, kisha wakaweka kituo cha utafiti Lopé, katikati ya Gabon, mahali ambapo msitu na savana vinakutana.

Shida yao ilikuwa ya kawaida kabisa. Gorila na sokwe wanakula matunda. Ukitaka kujua kwa nini leo kundi limehamia bonde lile, lazima ujue kule kuna nini kimeiva. Kwa hiyo wakachagua miti, wakaiwekea namba, na mwanzo wa kila mwezi mtu anapita chini yake, anainua darubini, anaangalia kilele na kukipa alama: maua kiasi gani, matunda mabichi kiasi gani, mabivu kiasi gani, majani mapya kiasi gani. Mwezi unaofuata anarudi kwenye miti ile ile. Kwa nini ile ile? Kwa sababu ukibadilisha mti kila safari hutajua kama kilichobadilika ni msimu au ni mti. Hiyo ndiyo mbinu yote. Haina hata mlinganyo mmoja.

Mwaka 1993 Tutin na Fernandez walichapisha jambo ambalo naliona kuwa moja ya matokeo mazuri sana ya ikolojia ya Afrika, na mbona halitajwi madarasani sijui. Lopé ina kiangazi kirefu katikati ya mwaka ambacho ni cha mawingu na ubaridi. Waligundua kwamba baadhi ya miti huchanua vizuri pale tu usiku wa kiangazi hicho unapopoa hadi nyuzi 19 za Selsiasi au chini yake. Mwaka ambao usiku haukupoa kiasi hicho, miti hiyo haikuchanua, na matunda hayakuja. Fikiria maana yake. Mti wa msitu wa ikweta, ambao tungedhani haujali baridi hata kidogo, unasubiri ubaridi wa usiku kama mtu anayesubiri ishara ya mlangoni. Kwa macho yetu hiyo ni tofauti ya nyuzi moja au mbili, labda ya kuvuta shuka tu.

Hapo mradi ungeweza kufungwa. Swali la gorila lilikuwa limeshajibiwa vya kutosha. Lakini watu waliendelea kupita chini ya miti kila mwezi, na kadiri miaka ilivyokwenda kazi hiyo ikawa mikononi mwa Wagaboni wenyewe. Mwaka 2002 Lopé ikawa hifadhi ya taifa, mwaka 2007 ikaingia kwenye urithi wa dunia. Madaftari yakaongezeka.

Mwaka 2020 jarida la Science likachapisha makala iliyoongozwa na Emma Bush na Robin Whytock. Kati ya waandishi wake 19 wamo Wagaboni waliosimama chini ya miti hiyo kwa miaka mingi, kama Edmond Dimoto. Nalitaja kwa makusudi. Mara nyingi anayebeba darubini huishia kwenye shukrani mwishoni. Makala ilijumlisha kumbukumbu za kila mwezi kuanzia 1986 hadi 2018, na jibu lake lilishtua: upatikanaji wa matunda mabivu ulikuwa umeshuka kwa asilimia 81. Kwa lugha ya mnyama mwenye njaa: mwaka 1987 tembo angepita kwenye miti isiyofika kumi kabla ya kukuta mmoja wenye matunda mabivu. Siku hizi inabidi apite zaidi ya hamsini.

Je, tembo wenyewe wanalihisi hilo? Whytock na wenzake walikuwa na maelfu ya picha za tembo wa msituni zilizokusanywa kwa miaka, nyingi zikitoka kwenye kamera zinazofungwa kwenye miti na kujipiga zenyewe mnyama anapopita. Wakazipitia na kuzipa alama, wakiangalia mbavu na mifupa ya nyonga imetokeza kiasi gani. Kati ya 2008 na 2018 hali ya miili ya tembo hao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 11. Na huyu si tembo aliyekatiwa msitu wake. Miti ipo imesimama, hifadhi inalindwa, picha ya setelaiti inaonyesha kijani kitupu. Bila mtu chini ya mti asingejua yeyote kwamba ghala ni tupu.

Tuwe waangalifu kidogo, maana hii ni blogu ya sayansi. Vipimo vya hapo Lopé vinaonyesha joto kupanda takriban robo ya nyuzi kwa kila miaka kumi, na mvua kupungua. Ukiunganisha na matokeo ya 1993 unapata maelezo yanayoshawishi: usiku haupoi tena vya kutosha, ishara haiji, ua halitoki. Lakini kwenda pamoja si kusababisha. Inawezekana wadudu wachavushaji wamepungua, inawezekana miti iliyochaguliwa imezeeka, inawezekana yote kwa pamoja. Mimi naegemea upande wa joto, ila nisingeweka mshahara wangu rehani. Na Lopé ni mahali pamoja tu, huwezi kuikunjua ikafunika bonde zima la Kongo.

Kinachonisumbua zaidi ni hesabu ya muda. Shahada ya uzamili ni miaka miwili, na ya kazi ya uwandani labda ni miezi sita. Fedha za miradi mingi huisha baada ya miaka mitatu. Matunda ya msituni yana miaka ya neema na miaka ya njaa hata mambo yakiwa sawa, kwa hiyo ukiangalia miaka mitatu unaweza kuona yanaongezeka, mwenzako akiangalia mitatu mingine anaona yanapungua, na nyote mnasema kweli. Ule mshuko wa asilimia 81 hauonekani popote ndani ya tasnifu yangu wala yako. Na hebu jaribu kuandika ombi la fedha lenye sentensi hii: "Tutaangalia miti ile ile kama mwaka jana." Mimi nimewahi kukaa kwenye mjadala ambapo mkubwa mmoja aliuliza, kwa nia njema kabisa, "Kipya hapo ni kipi?" Swali la haki. Mwaka wa tano jibu ni kwamba hakuna. Mwaka wa thelathini na mbili jibu likaingia Science.

Baada ya kusoma makala hiyo nilichagua mkrismasi mmoja ulio njiani ninapopita kwenda maabara, nikaanza kuandika kila tarehe moja ya mwezi. Oktoba, Novemba na Desemba zimejaa vizuri, hata idadi ya matawi yenye maua ipo. Januari niliandika tarehe nne kwa sababu nilisafiri. Februari na Machi hakuna kitu; kulikuwa na mitihani ya kusimamia. Aprili nimerudi. Mstari wa mwisho, kwa kalamu ya kuazima, unasema: "Maganda mengi, meusi. Ua moja upande wa barabara."