SEHEMU YA 4: Tumbo linalojaa wakati hakuna kilichoziba

Leo tuongelee lile swali tunalowauliza kila asubuhi baada ya operesheni, na nyie mnacheka: "Umeshatoa hewa?" Lina historia yake.

Mwaka 1948, daktari bingwa wa upasuaji wa Uingereza, Heneage Ogilvie, aliandika kuhusu wagonjwa wawili. Dalili zote zilionyesha utumbo mpana umeziba. Akawafungua, hakuna kilichoziba! Kumbe saratani iliingia kwenye mishipa ya fahamu inayoongoza utumbo. Njia ilikuwa wazi, ila utumbo hausukumi. Hali hii ikabaki na jina lake.

Baadaye ikajulikana si saratani tu. Humpata pia mgonjwa mwenye maambukizi makali, aliyevunjika nyonga, aliyepungukiwa potasiamu, na mama aliyejifungua kwa upasuaji. Utumbo unalala, hewa inajaa, unatanuka kama puto. Ukifika upana wa sentimita 12 hivi, hatari ya kupasuka inapanda. Ukipasuka, uchafu unamwagika tumboni, na hapo tunapigania uhai.

Zamani ukombozi ulikuwa kisu. Miaka ya 1970 wakaanza kupitisha mpira wa kuchungulia ndani kwenye njia ya haja kubwa na kunyonya hewa. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani wakatoa majibu ya wagonjwa 21: 11 walichomwa neostigmini, 10 hawakupewa dawa halisi. Kati ya wale 11, tumbo la 10 lilinywea haraka, wengi ndani ya dakika chache tu. Kwa wale 10 wengine, hata mmoja! Ila dawa hii hushusha mapigo ya moyo, kwa hiyo hutolewa hospitali, mgonjwa akiwa kwenye mashine na atropini ikiwa tayari pembeni.

Wengi hawafiki huko. Kupumzisha utumbo, dripu, mpira wa puani, kurekebisha potasiamu, kupunguza dawa kali za maumivu kama mofini, na kutembea, hutosha.

Sasa shika hili: kutoa hewa, hata kuharisha, si uthibitisho kwamba uko salama. Kama umejifungua kwa upasuaji na tumbo linazidi kujaa na kukaza, unatapika, una homa au maumivu yanaongezeka, sema. Uko nyumbani? Rudi hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri chai ya tangawizi ifanye kazi.

Na nesi akiuliza, jibu bila aibu.