Kipande cha Babu

Bibi alitunza karatasi za marehemu mumewe ndani ya kopo la majani ya chai: kipande kimoja, yaani kadi ya kazi, risiti mbili za kodi na barua kutoka Kasulu. Kipande ndicho kilichonishika. Kina vyumba 30, kimoja kwa kila siku ya kazi. Mnyapara asiporidhika, siku hiyo haikuandikwa, na mshahara ulisubiri mpaka vyote vijae. Cha Babu kimeishia cha 19.

Juu yake hakuna ukoo wala kijiji, ni namba tu. Ndiyo sababu wakata mkonge wa Tanga kama yeye waliitwa manamba, neno ambalo Bibi hakukubali litamkwe mbele yake, na mimi naona alikuwa na haki. Mkonge wenyewe ulikuja kutoka ng'ambo: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62. Mashamba yalipopanuka yakadai mikono ya Waha, Wabena na Warundi. Kuanzia 1944 SILABU, ofisi ya vibarua wa mkonge, iliwaandikisha huko kwao na kuwasafirisha.

Barua ya Kasulu inamuuliza Babu atarudi lini. Nyuma yake, kwa penseli, amepiga hesabu ya nauli, akaifuta, akaipiga tena.