Kitalu Nyumba cha Chuo: Funzo Kutoka Padova

Chuo kinapojenga kitalu nyumba, yaani jengo la kuoteshea mimea lenye paa la kupitisha mwanga, sisi walimu wa Kiswahili huiona kuwa kazi ya wenzetu wa kilimo na sayansi. Katika makala hii fupi tunakusudia kuonyesha, kwa kutumia historia ya Chuo Kikuu cha Padova nchini Italia, kwamba kazi hiyo ilianza kama tatizo la lugha.

Katika karne ya 16, tiba ilitegemea sana dawa za mimea. Wanafunzi walisoma majina ya mimea katika vitabu vya Wagiriki na Waarabu vilivyotafsiriwa kwa Kilatini, lakini mara nyingi hawakujua jina fulani ni la mmea upi. Wauzaji wa dawa nao walikosea, wengine kwa kutojua, wengine kwa hila. Kosa la jina likawa kosa la tiba, na aliyeumia ni mgonjwa. Francesco Bonafede, aliyeanza kufundisha somo la dawa za mimea chuoni hapo mwaka 1533, aliona kwamba mihadhara peke yake haitoshi. Alitaka bustani ambamo mwanafunzi angetajiwa jina huku akionyeshwa mmea wenyewe. Serikali ya Venezia, iliyoitawala Padova wakati huo, iliidhinisha bustani hiyo mwaka 1545. Bado ipo mahali pake pa awali, na mwaka 1997 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Baada ya majina, lilibaki tatizo la baridi. Mimea ya nchi za joto haikustahimili majira ya huko bila kukingwa. Mti mmoja wa jamii ya mitende, uliopandwa mwaka 1585, ungali hai ndani ya banda lake la vioo. Mwandishi Goethe wa Ujerumani aliutazama mwaka 1786, akavutiwa na namna majani yake yanavyobadilika umbo. Mwaka 1790 alichapisha kitabu kuhusu mabadiliko ya umbo la mimea.

Mwaka 2014 chuo kilizindua vitalu nyumba vipya, vyenye urefu wa mita 100 hivi na kimo kinachofikia mita 18. Mimea imepangwa kufuata hali ya hewa, kuanzia msitu wa mvua hadi jangwa. Umeme wa jua hutumika, maji ya mvua hukusanywa, na madirisha hufunguliwa ili hewa ipite.

Je, hapa Uganda tuige nini? Tatizo letu si baridi. Ni mvua kubwa, wadudu, magonjwa ya mimea, na joto linalozidi ndani ya jengo lililofungwa. Kitalu nyumba kitakachodumu kwetu kinahitaji kuta za wavu, paa lenye matundu ya kutolea joto, na tangi la maji ya mvua. Tukiiga paa la Padova tutapoteza fedha. Tukiiga swali lake tutafaidika.

Na swali lake linatuhusu. Neno la Kiingereza lilitokana na mimea ya kijani iliyohifadhiwa ndani wakati wa baridi. Tukitafsiri neno kwa neno, “nyumba ya kijani”, tunabaki na rangi bila kazi. “Kitalu nyumba” la Tanzania linataja kazi: kitalu ni mahali pa kuoteshea miche. Kenya hutumia pia “kivungulio”. Mwanafunzi ayajue yote mawili.

Vilevile, mwanafunzi wetu hukutana na “mlonge” katika kitabu kimoja na “mzunze” katika kingine, asijue kwamba ni mti mmoja. Kamusi itamsaidia, mti wenye kibao utamsaidia zaidi. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba chuo kinapojenga kitalu nyumba, Idara ya Kiswahili ishirikishwe tangu mwanzo, na kila mmea uwe na kibao chenye jina la Kiswahili, la lugha za hapa na la kisayansi. Gharama yake ni ndogo, na kazi ya kuyakusanya majina hayo ni utafiti unaowafaa wanafunzi wetu.