Umeme Unapokatika, Faili Linakwenda Wapi?

Aliyewahi kuchomoa flashi kabla kompyuta haijamaliza kunakili huenda anaijua FILE0000.CHK. Unarudisha flashi, Windows inakuomba ruhusa ya kuitengeneza, unakubali. Barua ya maombi ya kazi huioni tena. Badala yake kuna folda ngeni iitwayo FOUND.000, na ndani yake faili lenye jina hilo lisiloeleweka. Wengi hudhani ni kirusi. Sivyo. Kompyuta imekuta vipande vya data visivyo na mwenyewe, ikaviokota na kuvibandika jina la bandia. Chanzo cha kituko hicho ni uamuzi uliofanywa Marekani mwaka 1977.

Diski ngumu yenyewe ni ya zamani zaidi. Septemba 1956 kampuni ya IBM ilitangaza RAMAC, iliyozaliwa katika maabara yake ya San Jose, California, chini ya mhandisi Reynold Johnson. Ilikuwa na sahani 50 za upana wa inchi 24, zote kwenye mhimili mmoja, na uwezo wa kubeba herufi milioni 5. Picha moja ya simu ya leo inaweza isienee humo.

Tatizo la kukumbuka likawa limepata dawa. La kujua nini kimewekwa wapi lilibaki, na hapo ndipo anapoingia Marc McDonald, mmoja wa waajiriwa wa kwanza wa Microsoft. Mwaka 1977 alibuni FAT, mpango wa kupanga mafaili kwenye diski laini, na urahisi wake unastaajabisha hadi leo. Diski inagawanywa vipande vya ukubwa sawa. Orodha ya majina inasema faili linaanzia kipande gani. Kisha jedwali moja linasema baada ya kipande hiki nenda kile, baada ya kile nenda kingine, hadi alama ya mwisho. Kipande kitupu kina sifuri. Basi.

Hata kufuta ni kiini macho. FAT haigusi yaliyomo: inabadilisha tu alama ya kwanza ya jina la faili na kuvirudishia sifuri vipande vyake kwenye jedwali. Ndiyo maana fundi anaweza kurudisha picha ulizofuta asubuhi, mradi hujaandika kitu kingine juu yake. Na ndiyo maana usiuze kompyuta ukidhani umefuta.

Udhaifu uko kwenye mpangilio wa hatua. Kuhifadhi faili ni kazi tatu: kuandika data, kurekebisha jedwali, kurekebisha orodha ya majina. Umeme ukikatika baada ya ya pili na kabla ya ya tatu, vipande vinahesabika kuwa vimetumika lakini hakuna jina linaloelekea kwavyo. Hao ndio yatima wa FOUND.000. FAT kwa kawaida huweka nakala mbili za jedwali, jambo linalosikika kama busara, ila zimekaa bega kwa bega na huandikwa pamoja, kwa hiyo kosa la moja mara nyingi ni kosa la zote.

FAT haijui mwenye faili pia. Hilo lilikuwa limeshatatuliwa kwingine. Mwaka 1969, katika Bell Labs, New Jersey, Ken Thompson, Dennis Ritchie na Rudd Canaday walichora msingi wa mfumo wa mafaili wa Unix, mfumo endeshi wao. Humo kila faili lina kumbukumbu yake kando ya jina: mwenyewe nani, nani aruhusiwe kulisoma au kuliandika, vipande viko wapi. Lakini umeme ulipokatika, Unix nayo iliumia. Kompyuta ilipowaka tena, programu ya fsck ilikagua diski nzima, na diski zilivyokua ukaguzi huo ukala saa.

Ufumbuzi uliazimwa kwa watu wa hifadhidata. Kama karani anayeandika kwanza kwenye daftari, "nahamisha magunia kumi kutoka stoo A," ndipo aanze kubeba, mfumo unaandika nia yake mahali maalumu kabla ya kugusa jedwali. Umeme ukirudi, unasoma ukurasa wa mwisho tu. IBM iliuweka kwenye AIX, Unix yake, mwaka 1990, Microsoft ikauleta kwenye NTFS ya Windows mwaka 1993, na Linux ikaupokea kupitia ext3, kazi ya Stephen Tweedie, mwaka 2001. Jambo lisilosemwa sana: kwa kawaida daftari hilo hulinda mpangilio wa diski, si maneno uliyokuwa ukiandika. Diski itapona. Sura ya tatu ya tasnifu yako, hilo ni suala jingine.

Iliyokwenda mbali zaidi ni kampuni ya Sun, ambako Jeff Bonwick na Matthew Ahrens walianza ZFS mwaka 2001 na kuitoa hadharani mwaka 2005. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani. Mpya inakwenda mahali patupu, na kielekezi hugeuzwa mwisho kabisa, hivyo umeme ukikatika katikati ya kazi, ya zamani bado ipo salama. Tena kila kipande kina namba ya uhakiki iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo. Diski ikirudisha kitu tofauti na ilichopewa, ZFS inaitambua na, kama kuna nakala ya pili, inarekebisha. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote, kwani mifumo ya awali iliiamini diski bila kuhoji.

Simu za iPhone zilihamia mfumo wa jamii hiyo, APFS, mwaka 2017. Flashi zetu zimebaki na FAT32 au ndugu yake exFAT wa mwaka 2006, kwa sababu televisheni, redio ya gari na mashine ya kuchapia kwenye steshenari zinazijua hizo. FAT32 haipokei faili la kufika gigabaiti 4, na hakuna kati ya hizo mbili yenye daftari la nia. Kwa hiyo amuru kompyuta iitoe flashi kwanza, usubiri ikubali, ndipo uchomoe. Na kazi usiyotaka kuipoteza usiiache kwenye flashi peke yake.