Migodi Miwili, Jumuiya Ishirini

Ukiandika ttest_ind kwenye Python, mashine haikuulizi data yako imetoka kijiji gani. Inapokea safu mbili za namba, inarudisha thamani ya p, kazi imekwisha. Mwanafunzi anayehama kutoka SPSS huuliza kwanza ni maktaba ipi yenye jaribio analolitaka, na jibu lake ni jepesi: SciPy, iliyoanza mwaka 2001, ina majaribio mengi ya kawaida, statsmodels inaongeza modeli za regresheni, anayetumia R anaikuta t.test humo humo. Swali gumu ni jingine, na sehemu ya historia yake imepita huku kwetu Kanda ya Ziwa. Katika data hii, unahesabu nini: mtu, au kijiji chake?

Jaribio la t lilitoka kiwandani. William Gosset, mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la kificho, Student. Tatizo lake lilikuwa sampuli ndogo. Lakini jaribio hilo linadai vipimo visitegemeane, na watu wa kijiji kimoja hutegemeana sana: wanatibiwa zahanati moja, wanakwenda mnada mmoja, wanapendana wao kwa wao.

Mwaka 1991, ambao kwa bahati tu ndio Python ilitolewa kwa mara ya kwanza, utafiti ulianza mkoani Mwanza, wakati Geita ikiwa bado wilaya ya mkoa huo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na London School of Hygiene and Tropical Medicine walitaka kujua kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kungepunguza maambukizi mapya ya VVU. Huwezi kuboresha zahanati kwa mgonjwa mmoja ukamnyima jirani yake. Kwa hiyo kura ilipigwa kwa jumuiya nzima: 12, zikapangwa jozi sita, na katika kila jozi moja ikapata huduma iliyoboreshwa.

Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1995, Heiner Grosskurth akiwa mwandishi wa kwanza. Baada ya miaka miwili, watu 48 kati ya 4,149 walikuwa wameambukizwa upande wa huduma mpya, na 82 kati ya 4,400 upande wa pili. Baada ya kuzingatia mpangilio wa jumuiya na tofauti nyingine, hatari ilikadiriwa kupungua kwa asilimia 42, p ikiwa 0.007.

Ukizitia namba hizo nne ghafi katika jaribio la chi-square, kana kwamba watu 8,549 waliokotwa mmoja mmoja, unapata p ya karibu 0.008. Karibu sawa! Hapo ndipo wengi hudanganyika wakaona njia zote ni moja. Zililingana safari hii kwa sababu jozi zote sita zilielekea upande mmoja. Tukio la aina hiyo kwa sarafu ni mara 2 katika 64, yaani 0.031, na kwangu hesabu hiyo ya vidole inashawishi kuliko chi-square, maana inakiri kwamba ushahidi wote umebebwa na jozi sita tu. Jirani zetu wa Rakai, Uganda, walijaribu tiba ya watu wote kwa pamoja, na ripoti yao ya 1999 haikuonyesha VVU kupungua.

Geita yenyewe iliingia kwenye utafiti uliofuata, MEMA kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika wilaya za Geita, Sengerema, Kwimba na Misungwi. Jumuiya zilikuwa 20, kumi kila upande, na mbili kati yake zilikuwa karibu na migodi ya dhahabu. Penye dhahabu kuna wageni, fedha taslimu na vyumba vya kupanga. Zote mbili zikiangukia upande mmoja, mafundisho ya shuleni yangelaumiwa, au kusifiwa, kwa kazi ya mgodi. Watafiti wakaweka sharti: kila upande upate moja, ndipo kura ipigwe. Matokeo makuu yalipochapishwa mwaka 2007, uelewa wa vijana ulikuwa umepanda, lakini athari kwa VVU haikuonekana.

Sasa chukua mpangilio huo kwenye SciPy na utumie permutation_test, inayochanganya makundi upya ili kuona bahati tupu ingeleta nini. Jumuiya 20 zinagawanyika kumi kwa kumi kwa njia 184,756. Katika njia 87,516 kati ya hizo, jumuiya zote mbili za migodini ziko upande mmoja, yaani migawanyo ambayo isingeweza kutokea kwenye kura ile. Maktaba itaichanganya na mingine bila kusita. Ukitaka iiache, unaandika kitanzi chako mwenyewe: orodhesha migawanyo, tupa inayovunja sharti, hesabu iliyobaki. Ni mistari kama kumi hivi ya Python, na mmoja wao lazima utaje migodi.