Makmende alijulikana kuliko waliomtengeneza

Wasee wangu, leo turudi 2010. Nilikuwa darasa la tatu, na kwetu ukijifanya mbabe ulikuwa unaulizwa, "Kwani unajiona Makmende?" Jina lenyewe ni la kitambo mitaani Nairobi. Watu husema lilitokana na maneno ya Clint Eastwood kwenye filamu, watoto wakayasikia vile waliyasikia. Basi Machi mwaka huo Just A Band wakatoa video ya "Ha-He", na Makmende akapata sura: afro, ngumi, mtindo wa filamu za miaka ya 70. Wakenya wakaanza kumtungia utani mtandaoni usiku na mchana, hadi CNN na Wall Street Journal wakaandika habari zake.

Sasa fanya jaribio ambalo nimelifanya mimi kwa nganya za Rongai. Taja Makmende, watu watacheka. Uliza wimbo ni wa nani. Kimya.

Hicho kimya ndicho kinanisumbua. Blinky Bill, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu walitokea Kenyatta University. Albamu yao ya kwanza, "Scratch to Reveal", ilitoka 2008, ya pili, "82", mwaka uliofuata, na "Ha-He" ilikuwa humo tayari kabla ya video. Wakati genge na kapuka zilikuwa zinasikika kama kelele za mtaa mzima, hawa walileta muziki wa kompyuta: haus, fanki, disko. Mimi naona huo ni muziki wa ajabu kidogo. Mtu anaweza kuutengeneza saa tisa usiku akiwa peke yake na hedfoni, halafu mamia wanaucheza wakiwa wameshikana mabega.

2012 wakatoa "Sorry for the Delay". Kichwa tu kinaomba radhi kwa kuchelewa! Labda ni utani wao, lakini mimi nasikia mtu anayeomba msamaha kwa watu wanaomngoja na hawamjui. Albamu ya nne haikufuata haraka. Chuchu alienda na kundi la The Nest. Masya akatengeneza "Kati Kati" (2016), filamu ya wafu waliokwama mahali pasipo huku wala kule, ikapata tuzo ya wahakiki Toronto. Blinky Bill naye 2018 akatoa albamu yake, "Everyone's Just Winging It and Other Fly Tales", yaani kila mtu anabahatisha tu. Mtu ambaye kundi lake lilivuma hadi CNN, miaka minane baadaye anasema hivyo. Hiyo nimeisikiliza sana.

Nimeisikiliza kwa sababu mwaka jana klipu yangu moja ilitazamwa mara elfu themanini. Usiku huo hapa Nkoroi stima zilikuwa zimepotea. Nilikuwa nakula mkate na chai ya rangi gizani, simu inatetemeka mezani kama imeshikwa na homa, na kati ya hao wote sikuwa na hata mmoja wa kumpigia aniazime mshumaa. Na walipenda kofia, bana. Kofia niliyoazima. Hadi leo kuna watu huniita jina la ile kofia.

Kama kaka yako mkubwa bado ana CD ya "82", niandikie hapo chini. Nainunua, na nitaifuata mwenyewe hata Kitengela.