Filamu Iliyokatwa kwa Mkasi

Filamu ya vivuli iitwayo Die Abenteuer des Prinzen Achmed, yaani Visa vya Mwanamfalme Ahmed, ilitengenezwa Potsdam, jirani na Berlin, kati ya mwaka 1923 na 1926. Inachukua dakika 65 hivi, na ndani yake hakuna mwigizaji hata mmoja. Mwanamfalme, jini, farasi arukaye na mchawi wote ni karatasi nyeusi ngumu iliyokatwa kwa mkasi na kusogezwa kwa mkono. Katika filamu ndefu za katuni zilizosalia duniani, hakuna iliyo kongwe kuliko hii. Raia wa Argentina Quirino Cristiani alimtangulia kila mtu kwa El Apóstol ya mwaka 1917, ila nakala za kazi hiyo zimepotea zote. Snow White ya Walt Disney, ambayo wengi huidhania ya kwanza, ilionyeshwa Desemba 1937, miaka kumi na moja baada ya filamu ya Potsdam.

Mwenye mkasi alikuwa Lotte Reiniger, aliyezaliwa Berlin mwaka 1899. Tangu utotoni alikata vivuli vya watu na kuwachezea jamaa zake tamthilia nyuma ya shuka. Alipokuwa mwanafunzi katika shule ya uigizaji ya Max Reinhardt, alikata vivuli vya waigizaji wakiwa jukwaani, kila mmoja katika mkao uliomtambulisha, na kazi hiyo ikamvutia Paul Wegener, mwigizaji na mtengeneza filamu mashuhuri wa wakati huo. Wegener alimpa kazi mwaka 1918 katika filamu ya mpiga zumari wa Hameln, yule anayewatoa panya mjini kwa muziki. Panya wa kweli hawakukubali kumfuata mpiga zumari. Wakaletwa simbilisi waliopambwa wafanane na panya, nao wakashindikana vilevile. Mwishowe wakachongwa panya wa mbao, na Reiniger akawa miongoni mwa waliowasogeza hatua kwa hatua huku kamera ikipiga picha moja moja. Msichana wa miaka kumi na tisa alijifunza ufundi wa maisha yake kwa sababu ya wanyama wasiosikia amri. Mwaka uliofuata alitoa filamu yake fupi ya kwanza ya vivuli katika taasisi moja ya utamaduni mjini Berlin. Huko ndiko alikokutana na Carl Koch, aliyekuja kuwa mumewe na mpiga picha wake.

Wazo la filamu ndefu halikutoka kwake. Lilitoka kwa Louis Hagen, tajiri mwenye benki. Mwaka 1923 sarafu ya Ujerumani ilikuwa ikiporomoka kila kukicha. Kufikia Novemba dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa marki trilioni 4.2. Mwenye fedha alizikimbiza kwenye vitu kabla hazijageuka karatasi tupu. Hagen alikuwa amenunua shehena ya mikanda ya filamu isiyotumika, na sasa alitaka itumike. Pendekezo lake liliwashtua watu wa fani hiyo, maana katuni za siku zile zilikuwa vichekesho vya dakika chache, na hakuna aliyeamini kuwa mtazamaji angeweza kukaa na vivuli kwa saa nzima. Hagen alitoa pia mahali pa kazi, chumba cha darini juu ya gereji katika bustani yake ya mboga huko Potsdam.

Chumba hicho ndicho kilichoamua namna ya kufanya kazi. Kamera ilipaswa kuning'inia juu ikitazama chini, kwa umbali wa kutosha, lakini paa lilikuwa fupi. Ilibidi meza ya kioo iteremshwe karibu kabisa na sakafu, na Reiniger akafanya kazi amepiga magoti juu ya kiti kilichong'olewa kwenye gari kuukuu, karibu miaka mitatu. Taa ziliwaka chini ya kioo. Juu yake zililazwa karatasi laini zinazopenyeza mwanga, tabaka juu ya tabaka: palipo na tabaka moja palionekana anga, palipo na matatu au manne palionekana milima ya mbali, na palipozibwa na karatasi nyeusi palikuwa ukuta wa kasri. Vikaragosi vililala bapa juu ya mandhari hayo.

Kila kikaragosi kiliunganishwa kwa vipande. Bega, kiwiko, kiganja, nyonga na goti vilikatwa mbalimbali, kisha vikashikizwa kwa waya ili vizunguke. Baadhi ya viungo vilikatwa katika bati jembamba la risasi, kwa kuwa kadibodi peke yake huinuka pembeni na kuvunja mstari wa kivuli, ilhali risasi hulala kwa uzito wake. Mhusika aliyetakiwa kuonekana kwa karibu alikatiwa kichwa na mabega makubwa, sanamu ya pili kabisa, kwa kuwa kipande kidogo hakiwezi kukuzwa bila kuonyesha ukali wa makato. Sura nyeusi haina jicho la kutoa machozi wala mdomo wa kutabasamu, kwa hiyo huzuni na furaha vilipaswa kuonekana kwenye mteremko wa shingo na mwendo wa vidole. Hapo ndipo ustadi wa Reiniger ulipo, na wengi waliomwiga baadaye waliweza kukata vizuri lakini hawakuweza kukifanya kikaragosi chao kisite kabla ya kugeuka.

Mwendo wenyewe ulikwenda hivi: kidole husogeza mkono wa kikaragosi kidogo mno, Koch hupiga picha moja, kidole husogeza tena. Hakuna kilichochorwa kwanza kikafutwa. Kiwiko cha binadamu kikigusa kioo bahati mbaya, tukio lote huanzwa upya. Kwa hesabu iliyozoeleka, zilipigwa picha zipatazo 250,000, na katika hizo 96,000 hivi ndizo zilizoingia kwenye filamu. Katika kila picha tano, tatu zilitupwa.

Wasaidizi walikuwa wachache, na kila mmoja alikuja na ufundi wake. Berthold Bartosch alitengeneza bahari, kwa mawimbi ya karatasi zinazopenyeza mwanga yaliyosogezwa juu ya kioo. Baadhi ya matukio yalipigwa kwa vioo vilivyopangwa kwa tabaka, mtindo ambao Disney aliutangaza kwa shangwe muongo mmoja baadaye kwa mashine kubwa mno. Walter Ruttmann, mchoraji wa filamu za maumbo yasiyo ya kitu chochote, alipewa uchawi: moshi, miale na mageuko ya majini. Sehemu ya kazi hiyo aliifanya kwa mashine iliyobuniwa na Oskar Fischinger, inayokata bonge la nta vipande vyembamba huku kamera ikipiga picha ya uso mpya baada ya kila kato. Ruttmann hakuacha kuuliza kisa cha kale kama hiki kina uhusiano gani na mwaka 1923, wakati nje watu walibeba fedha kwa vikapu. Reiniger alijibu kwamba hakina uhusiano wowote, ila yeye alikuwa hai mwaka huo.

Visa vilichotwa katika Alfu Lela Ulela na kuunganishwa kuwa kimoja. Kisa cha Ahmed na Peri Banu, pamoja na cha Aladini na taa yake, ni ngano zilizoingia katika mkusanyiko huo kupitia tafsiri ya Kifaransa ya Antoine Galland, iliyotoka kati ya mwaka 1704 na 1717. Galland naye alizipata mwaka 1709 kwa kusimuliwa mjini Paris na Hanna Diyab, Msiria kutoka Halabi. Mwanamke anayevua vazi la manyoya ili aoge ziwani ametoka katika kisa cha Hasan wa Basra, na kutoka humo pia vimekuja visiwa vya Wakwak. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaweza kulifahamu jina hilo, kwani al-Masudi, mwandishi wa Baghdad wa karne ya 10, aliitaja Wakwak pamoja na Sofala kuwa ndio mwisho wa nchi ya Zinji, yaani pwani hiyo. Filamu haikujali jiografia: Wakwak yake ina majini tu. “Mchawi wa Kiafrika” wa filamu pia asimpotoshe mtu, kwani katika ngano ya Aladini anatoka Maghribi, na jina hilo ni urithi wa Kifaransa cha Galland.

Wolfgang Zeller aliandika muziki sambamba na upigaji picha, hata maandamano ya mfalme yakapimwa kwa mapigo ya nota zake. Kazi ilipokamilika, hakuna jumba la sinema lililothubutu kuichukua. Ikaonyeshwa Jumapili mchana, tarehe 2 Mei 1926, katika ukumbi wa tamthilia wa Volksbühne mjini Berlin. Lenzi ya mashine ya kuonyeshea filamu ilikutwa mbovu, na Koch akakimbia kutafuta nyingine ukumbi ukiwa umejaa. Mwezi Julai ilifika Paris, ambako mwongoza filamu Jean Renoir aliipokea kwa furaha. Urafiki wao ulidumu, na Reiniger alimtengenezea tukio la vivuli ndani ya La Marseillaise, filamu ya Renoir ya mwaka 1938.

Utawala wa Hitler uliwaondoa Reiniger na Koch nyumbani. Walihangaika nchi hadi nchi, wakahamia London mwaka 1949. Huko walikutana tena na mtoto wa yule mwenye benki, aliyeitwa pia Louis Hagen, ambaye akiwa kijana alifungwa na Wanazi. Kampuni aliyoshiriki kuianzisha ilitoa filamu fupi za ngano za Reiniger kwa ajili ya televisheni, na mojawapo ilipata tuzo mjini Venice mwaka 1955.

Negativu ya Ahmed iliangamia katika vita. Kwa miaka mingi watu waliiona filamu kwa nakala za rangi nyeusi na nyeupe tu, wakidhani ndivyo ilivyokuwa. Nakala iliyopakwa rangi za mwaka 1926, yenye usiku wa bluu na mapango ya manjano, ilikuwa imehifadhiwa London. Kutokana nayo filamu ilifanyiwa ukarabati mwishoni mwa miaka ya 1990, na muziki wa Zeller ukarekodiwa upya.